Nyumba Kubwa na Wazee Wawili

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo hapa Usukumani watu hawapendi kulitaja, yaani kuiacha nyumba kubwa na kuingia nyumba ndogo. Mwambie mzee wa Dutwa au wa Nkololo kwamba nyumba yake imekuwa kubwa mno kwake, atadhani umemtukana. Nyumba kubwa ni jina lake. Ni jasho la pamba yake na bei ya ng'ombe wake. Watu wakipita barabarani huuliza, "Hii ni kaya ya nani?" naye hufurahi kusikia jibu.

Lakini mama mmoja wa Itilima ameniuliza swali lisilofaa kupitwa. Yeye na mumewe wamebaki wawili katika kaya yenye nyumba nne. Asema, "Nikizifagia zote, jua limekwisha panda nami nimekwisha choka. Nisipozifagia, nyoka waingia. Tupunguze, au tungoje? Na kama ni kupunguza, tupunguze lini?" Swali la "lini" ndilo gumu, na ndilo nitakalolishika leo.

KAYA ILIVYOJAA NA ILIVYOBAKI TUPU

Kaya ya Msukuma haikujengwa kwa ajili ya watu wawili. Ua wa minyaa, zizi, nyumba ya baba, nyumba ya kila mama, nyumba ya vijana, ghala la mtama: vyote hivyo vilitaka mikono mingi, na mikono ilikuwapo. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa wetu wa Simiyu ulipoanzishwa, ilionyesha kwamba kaya moja ya Simiyu ilikuwa na karibu watu 7 kwa wastani, na Tanzania nzima haikufika watu 5. Basi mzee aliyejenga nyumba nne hakufanya fahari ya bure. Alijenga kwa kadiri ya vinywa vya nyumbani mwake.

Lakini watoto hukua. Wengine walifuata malisho na ng'ombe wao mpaka Tabora, Katavi, Rukwa, Usangu na bonde la Kilombero, wakaoa huko na kujenga huko. Wengine wako kwenye dhahabu ya Geita, wengine Mwanza, wengine Dar es Salaam. Mabinti wameolewa. Kila mmoja alipoondoka, nyumba haikupungua hata tofali moja.

Mjini Bariadi hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Mwalimu au mganga hukopa, hujenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, ukuta mwaka ujao, bati mwaka wa nne. Watumishi wengi wa Serikali waweza kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na kwa lazima wakiwa na miaka 60. Nyumba ya vyumba sita humalizika karibu na siku hizo. Rangi inapokauka, mtoto wa mwisho apanda basi kwenda chuoni. Baba na mama wamebaki na vyumba sita, na funguo sita.

NENO "KUHAMA" NA WAZEE WETU

Kabla vijana hawajawalaumu wazazi kwa ukaidi, yafaa wakumbuke jambo moja. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kukaa vijijini ni amri, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikafika kwetu, wakati huo tukiwa katika mkoa wa Shinyanga. Watu waliokaa mmoja hapa na mmoja kule waliondolewa katika kaya zao, wakapelekwa mahali palipopimwa. Wengi waliacha nyumba imara, miti ya kivuli, na minyaa iliyopandwa na baba zao. Mzee mwenye miaka 75 leo alikuwa wakati ule kijana wa miaka 24 hivi, mwenye mke na mtoto mchanga. Kwake neno "kuhama" lina sauti ya gari la Serikali.

Hata hivyo tukiwasikiliza wazee hao vizuri, twaona kwamba lililowauma zaidi si udogo wa nyumba mpya. Liliwauma kwa sababu aliyeamua alikuwa mtu mwingine, na siku aliyoichagua ilikuwa yake, si yao.

Hapo ndipo lilipo jibu la "lini". Mtu anayepunguza nyumba yake mwenyewe, kwa siku aliyoichagua, akiwa na nguvu za kusimama na kumwonyesha fundi mahali pa mlango, huyo hakuhamishwa. Anayengoja mpaka ameanguka bafuni, au macho yameziba, au mwenzake amefariki, huyo atahamishwa mara ya pili maishani mwake, na safari hii atahamishwa na watoto wake. Watamwonea huruma, lakini hawatamwuliza mlango ukae upande gani.

DALILI ZA KUTAZAMA

Umri peke yake si dalili. Yuko mzee wa miaka 80 apandaye ngazi kupigilia bati, na yuko wa miaka 58 ambaye magoti yamekwisha. Tazameni mambo haya manne.

La kwanza ni vyumba. Hesabu vyumba ambavyo hakuna mtu aliyelala humo tangu mavuno yaliyopita. Usihesabu siku za Krismasi. Wageni wa siku 4 si sababu ya kufagia siku 361. Watoto wakija waweza kulala kwenye mikeka sebuleni, kama walivyolala walipokuwa wadogo, na wajukuu watafurahi kupita kiasi.

La pili ni kuta na paa. Wengi wetu tumejenga juu ya udongo mweusi wa mbuga. Twajua tabia yake: wakati wa mvua hunywa maji na kuvimba, wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka, na ukuta uliosimama juu yake hupasuka pamoja nao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana huziba ufa jioni moja. Ukiona nyufa tatu zimepita misimu miwili bila kuzibwa, wala si kwa uvivu bali kwa kukosa nguvu au fedha, basi nyumba imeanza kukushinda. Na paa halisamehi. Tuseme nyumba yako kubwa yataka bati 70, na nyumba ya vyumba viwili yataka bati 20. Kutu ikifika, nani atanunua zile 50 zaidi, na kwa ajili ya kumfunika nani?

La tatu ni miguu. Choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani, na usiku wa mvua njia hiyo ikoje? Maji yako mbali kiasi gani? Kizingiti kina kimo gani? Vitu hivi huvioni ukiwa na miaka 40. Ukiwa na miaka 70 kizingiti chaweza kuvunja nyonga.

La nne ni ukimya. Jiulize: nikianguka leo asubuhi, nani atajua kabla jua halijatua? Kama jibu ni "hakuna", basi ukubwa wa kaya si heshima tena, ni hatari.

Na hapa nina neno la uchungu la kusema, hasa juu ya akina mayu waliobaki peke yao. Katika nchi yetu hii ya Usukuma wako vikongwe waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi alama iliyotajwa ni macho mekundu. Twajua sote macho hayo yamepata wapi wekundu wake. Ni moshi wa kuni na wa samadi, miaka 50 ya kuwapikia wengine katika jiko lisilo na dirisha. Mara nyingine nyuma ya uzushi ule imejificha tamaa ya shamba. Mjane akaaye peke yake katika kaya pana, mbali na majirani, hana shahidi wa mchana wala wa usiku. Kwake nyumba ndogo iliyo karibu na watu, yenye jiko litoalo moshi nje, ni ngao. Basi wanawe wasione ni jambo la kungoja mwakani.

WAKATI ULIO MWEMA NA WAKATI ULIO MBAYA

Wakati mwema ni pale mlipo wote wawili hai, mnaweza kutembea, na mtoto wa mwisho amekwisha kuondoka yapata miaka miwili bila kurudi kukaa. Mwaka mmoja ni mfupi. Vijana wengine hutoka, hushindwa, hurudi. Na katika mwaka, wakati mwema ni kiangazi, pamba ikiisha kuuzwa, kwa maana njia ni kavu, tofali zakauka, na fedha iko mkononi.

Wakati mbaya ni mbili. Wa kwanza ni matanga. Mume au mke akifariki, ndugu hukusanyika, na kabla majivu hayajapoa mmoja husema, "Mama hawezi kukaa hapa peke yake, tuuze." Mfiwa aliyechoka kwa kulia hukubali kila kitu. Shauri langu: mwe na mtu wa kulala naye, mjukuu au binti, lakini jambo la nyumba lisiamuliwe mpaka mwaka upite. Wakati mbaya wa pili ni mwezi ule mstaafu anapopata fedha yake ya mkupuo. Fedha nyingi kwa mara moja humfanya mtu ajenge zaidi, wala si kupunguza. Iacheni benki miezi michache, mjue kwanza pensheni ya kila mwezi yatosha nini.

NJIA TATU

Njia ya kwanza, nayo naipenda kupita zote, ni kupunguza nyumba bila kuondoka kwenye kaya. Jengeni nyumba ya vyumba viwili katika ua ule ule, chini ya mti ule ule. Sakafu iwe sawa, bila ngazi. Choo kiwe karibu. Jiko liwe na bomba la kutoa moshi. Wekeni mfereji pembeni mwa bati na tangi la kukinga maji ya mvua. Nyumba kuukuu kuliko zote ivunjwe: bati nzima, mbao, milango na madirisha yake yatatumika tena. Nyumba kubwa apewe mtoto aliyerudi kulima. Kama hakuna, yako mashule na zahanati vijijini ambako walimu na wauguzi hawana mahali pa kukaa. Mwalimu mpangaji huleta kodi kidogo, huleta taa usiku, na huleta watu uani. Hivyo makaburi ya wazee hayaachwi, majirani ni wale wale, na jina la kaya halikufutwa.

Njia ya pili ni kusogea karibu na barabara au mjini, hasa kwa mtu mwenye ugonjwa wa kudumu kama sukari au presha. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bariadi, na safari ya pikipiki usiku kutoka kijiji cha mbali si mchezo. Lakini fanyeni hesabu. Mjini mboga hununuliwa, mkaa hununuliwa, maji yana bili. Tena mzee aliyezoea kusalimiwa na kila apitaye aweza kukaa mjini juma zima asisikie jina lake. Kwa hiyo msiuze kwanza. Pangeni chumba kimoja, mkae toka palizi hadi mavuno. Mkiona mnaweza, basi. Mkiona moyo wakataa, mwarudi kwenu na hamkupoteza kitu ila kodi ya chumba.

Njia ya tatu ni kukaa kwa mtoto. Wengi huitaja kwanza. Mimi naiweka mwisho, si kwa kuwa watoto ni wabaya. Mila zetu zina adabu kubwa kati ya baba mkwe na mke wa mwana, na nyumba ya mjini yenye mlango mmoja na bafu moja huwavunjia wote wawili adabu hiyo kila asubuhi. Mzee hujifungia chumbani ili asimkute mkwewe, na mkwe hutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ikiwa ni lazima, mtoto ajenge chumba cha pembeni chenye mlango wake, hata kama ni kidogo. Na mzazi awe na kazi yake ya kufanya, kuku au bustani, maana mgeni siku ya tatu hupewa jembe, naye asiyepewa jembe hujiona mzigo.

Kwa njia yo yote, anzeni na ng'ombe. Haifai kupunguza nyumba na kubakiza zizi la ng'ombe 40 pasipo mchungaji. Uzeni wachache, wengine wawekeni kwa ndugu awachunge na kunywa maziwa. Mbele ya mashahidi mwandike ni wangapi na wana rangi gani.

KARATASI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi kazi yangu ni vitabu na daftari, basi mtanisamehe nikikaza neno hapa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba mume au mke hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Basi shauri la kupunguza nyumba ni la wawili. Mzee asiende kupeana mikono na mnunuzi kilabuni, kisha arudi kumpa mkewe habari. Na ardhi ya kijiji ina taratibu zake katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nendeni kwenye Halmashauri ya Kijiji kabla ya kupokea fedha, si baada.

Jambo kubwa zaidi ni mjane. Sheria za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilisema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga waliotolewa katika nyumba zao kwa njia hiyo walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo zambagua mwanamke, lakini haikuzifuta. Shauri lao likafika mpaka Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema kwamba haki zao zilivunjwa. Wanawake wale walikuwa wa nchi yetu hii hii, walioishi na waume zao kama ninyi mnavyoishi.

Basi, akina baba, nyumba ile ndogo mnayoijenga leo iandikwe kwa majina yote mawili. Kama kuna hati ya kimila, majina mawili yawemo. Andikeni wosia mbele ya mashahidi, wa ukoo na wa nje ya ukoo, na nakala moja iwekwe mahali pa salama mbali na nyumbani. Nyumba ndogo yenye karatasi ni bora kuliko kubwa ambayo mjane atatolewa humo siku ya arobaini.

NENO KWA WATOTO

Enyi mlio Mwanza na Dar es Salaam, nawapongeza kwa kuwakumbuka wazazi. Lakini twaona siku hizi mtoto akipata fedha hujenga kijijini nyumba ya vyumba vitano, vigae sakafuni, nguzo mbele, ili watu wajue amefanikiwa. Mama yake hulala katika chumba kimoja, na vingine vinne huvifagia. Vigae vikilowa humtelezesha. Je, nyumba hiyo ni ya mama, au ni yako wewe uliye mbali? Fedha ile ile ingetosha nyumba ya vyumba viwili, choo cha ndani, tangi la maji, taa ya jua, na ujira wa binti wa kumsaidia kazi kwa miaka kadhaa.

Tena msije na uamuzi tayari mfukoni. Njooni na swali. Kaeni chini na baba na mama wakati wa likizo, wasemeni wao kwanza. Mwulizeni guku ni kitu gani asichotaka kukiacha. Labda ni mti, labda ni kaburi, labda ni kiti cha kuona barabara. Nyumba ndogo ikikipata kitu hicho, atahamia. Isipokipata, hata mkijenga jumba atasema hapana, naye atakuwa na haki.

Basi ndugu wasomaji, kiangazi kijacho ninyi mlio wawili katika nyumba nne, tembeeni uani jioni moja mkiwa pamoja. Fungueni kila mlango. Ulizaneni nani alilala humu mwaka huu, na nani atalala humu mwaka ujao. Mkiona nyumba mbili hazina jibu, msiuze na msihame. Vunjeni ile iliyooza, chagueni mahali pa ile ndogo, mwiteni fundi akiwa bado anawauliza ninyi. Nyumba ilijengwa imtumikie mtu. Siku mtu anapoanza kuitumikia nyumba, kipimo kimegeuka, na mwenye nyumba ndiye wa kwanza kulijua.

Kwaherini mpaka juma lijalo.